Kurudia kutembea na kujitegemea baada ya kuvunjika mguu: naomba ushauri na uzoefu wenu

Bi Segerea (mwanzilishi wa mada)

Asalaam aleykum, na habari za wakati huu ndugu zangu wote.

Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo sasa linanisumbua kuliko maumivu yenyewe. Miezi kadhaa iliyopita niligongwa na bodaboda nilipokuwa navuka barabara Tabata nikitokea kazini, nikavunjika mfupa mkubwa wa mguu wa kulia, chini ya goti. Nilifanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Kidonda kimefunga vizuri, na katika kliniki iliyopita daktari alitazama picha ya eksirei akaniambia kwamba mfupa umeanza kushika na kwamba ninaweza kuanza kuukanyagia mguu kidogo kidogo nikiwa na magongo mawili. Mazoezi nilielezwa kwa dakika chache tu kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi: nikunje goti, nizungushe kifundo, kisha nirudi tarehe niliyopangiwa.

Nyumbani ninaishi na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe wangu aliyekuja kutoka Tanga kwa ajili ya kuniuguza. Kwa kweli sina neno la kuwalalamikia, kwa maana wamenihudumia kwa moyo wote. Lakini kila nikishika magongo, mama huinuka kabla yangu na kusema, "Kaa mwanangu, unataka nini nikuletee?" Maji ya kuoga huwekewa, chakula huletewa kitandani, na chooni husindikizwa na kusubiriwa mlangoni. Wakati huohuo naona paja la mguu huu linazidi kukonda, goti limekuwa gumu, na nimeanza kuogopa hata kushuka kizingiti cha baraza ambacho zamani sikujua kama kipo.

Mambo ninayotamani kuyafanya mwenyewe si makubwa. Nataka kwenda chooni na kuoga bila mtu kunisubiri, ingawa choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nataka kupika. Nataka kusali nikisujudu kwenye mkeka badala ya kukaa kwenye kiti. Nataka pia kurudi kazini Kariakoo, ambako mimi ni karani katika ofisi iliyo ghorofa ya pili kwenye jengo lisilo na lifti, na mwajiri ameshaanza kuuliza nitarudi lini.

Kwa waliopitia hali hii au wanaoifahamu kitaalamu, nianzie wapi, na nifuate mpangilio gani? Na nimwambieje mama mkwe aniache nijaribu, bila kumvunja moyo?

Mtaalamu wa viungo, Ilala

Wa aleykum salaam, dada. Pole sana. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa kuwa sijakupima wala kuona picha zako, haya yachukue kama maelezo ya jumla, kisha uyapeleke kwa wanaokutibu wayalinganishe na hali yako.

Kwanza uelewe kwamba mfupa na misuli haviendi kwa kasi moja. Mfupa wa muundi uliovunjika katikati na kuwekewa chuma kwa kawaida huchukua kati ya miezi 3 na 6 kuunga sawasawa, na huweza kuchelewa zaidi kwa mvutaji wa sigara, kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au pale ambapo mfupa ulitoboa ngozi. Misuli ya paja nayo huanza kunywea ndani ya wiki chache za kutotumika, hata kama mfupa unaendelea vizuri kabisa. Huko kukonda unakokuona hakumaanishi kwamba mfupa umeharibika. Kunamaanisha kwamba misuli haina kazi, na dawa yake ni kuipa kazi kwa kiasi kilichoruhusiwa.

Pili, maneno "kidogo kidogo" hayatoshi, na nakuomba uyafafanulie kwa daktari kabla ya jambo lingine lolote. Muulize kama ameruhusu kilo kadhaa tu au ameruhusu uzito wowote ambao maumivu yanauvumilia, kwa sababu mfupa uliovunjika mahali pamoja ukashikwa na chuma mara nyingi huruhusiwa kubeba uzito mapema, ilhali uliosagika vipandevipande husubiri. Ukipewa idadi ya kilo, tafuta mizani ya kupimia uzito, iweke sakafuni, na kando yake weka ubao wa kimo kilekile. Simama kwa magongo, mguu mzima ukiwa juu ya ubao na mguu mgonjwa juu ya mizani, kisha ukandamize taratibu hadi mshale ufike kwenye kilo ulizoruhusiwa. Rudia mpaka uweze kuufikisha hapo bila kutazama chini. Watu wengi hushangaa, kwa maana anayedhani amekanyaga sana hukuta hajafikisha kilo 5, na anayedhani amegusa tu hukuta ameweka nusu ya uzito wake.

Yapime na magongo yenyewe, kwa sababu mengi huuzwa na kutumiwa bila kurekebishwa. Ukisimama wima, kati ya kwapa na kichwa cha gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono ukiuning'iniza, ili unapolishika kiwiko kikunjike kidogo. Uzito wa mwili ubebwe na viganja. Ukiuegemeza kwapani unaibana mishipa ya fahamu inayopita hapo, na dalili yake ni ganzi au udhaifu wa mkono. Zitazame pia raba za chini kila wiki. Zikilika zikawa laini, au zikijaa mchanga, gongo huteleza kwenye vigae hata visipokuwa na maji. Raba hizo huuzwa peke yake kwenye maduka ya vifaa tiba, huna haja ya kununua magongo mapya.

Kuhusu mazoezi, kifundo cha mguu ndicho husahaulika, na ndicho kitakachoamua utatembeaje. Kaa kitandani mguu umenyooka, pitisha kanga chini ya nyayo karibu na vidole, shika ncha zake mbili na uvute kuelekea kwako bila kukunja goti. Subiri kwa muda wa sekunde 30, legeza, rudia mara chache, na ufanye hivyo asubuhi, mchana na jioni. Kifundo kisipokunjika kwenda juu, utatembea ukiugeuzia mguu nje, na kushuka ngazi au kuchuchumaa kutakuwa kugumu hata baada ya mfupa kupona. Kwa paja, weka taulo lililokunjwa chini ya goti na ulikandamize kuelekea kitandani, ukihesabu polepole hadi tano. Ukiruhusiwa kukanyaga zaidi, zoezi bora kuliko yote kwa mahitaji uliyoyataja ni kuinuka kutoka kwenye kiti. Anza na kiti kilichoinuliwa kwa mito, kisha punguza mto mmojammoja kadiri paja linavyopata nguvu. Kuinuka huko ndiko kutakakokutoa chooni, kitandani na kwenye siti ya daladala.

Kuhusu kusujudu, chuma cha muundi kwa kawaida huingizwa kupitia mbele ya goti, na maumivu ya sehemu hiyo wakati wa kupiga magoti ni ya kawaida sana na huweza kudumu muda mrefu. Goti likifikia kukunjika vya kutosha, na daktari akiridhika, anza kupiga magoti juu ya godoro au mto mnene huku umeshika kitanda, kwa muda mfupi. Kwa sasa endelea kusali kwenye kiti.

Rudi hospitali mara moja bila kusubiri tarehe ya kliniki iwapo shavu la mguu litavimba na kuuma ghafla, iwapo utapata upungufu wa pumzi au maumivu ya kifua, au iwapo kidonda kitatoa usaha pamoja na homa. Kuvimba kwa jioni ambako hupungua ukiinua mguu juu ya mito, juu kuliko usawa wa moyo, ni kwa kawaida.

Mwisho, usikubali mazoezi yaishie kwenye maelezo ya dakika chache. Kutoka Segerea, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Amana i karibu nawe. Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, na hospitali ya CCBRT pale Msasani nazo zina huduma ya fiziotherapia. Omba barua ya rufaa kutoka kwa daktari wako.

Mzee wa Temeke

Mwanangu, pole sana. Mimi niliwahi kuvunjika mguu nikiwa kijana, kabla ya mambo haya ya vyuma. Nilikandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta kila jioni na nikapona, hadi leo natembea. Nakushauri usidharau kukanda. Jambo la pili, bahari tunayo. Asubuhi maji yakiwa yametulia, mtu aliyevunjika mguu akitembea ndani ya maji huwa mwepesi, na wazee wengi wa pwani wamejinyoosha viungo kwa njia hiyo. La tatu, kuwa na subira, na usimkasirikie mama mkwe wako. Mtu mzima aliyesafiri kutoka Tanga kuja kuuguza mkwe ni mtu wa kushukuriwa.

Mtaalamu wa viungo, Ilala

Shikamoo, mzee wangu. Nakubaliana nawe kuhusu bahari, kwa masharti. Maji yanayofika kifuani hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, na ndiyo maana mguu huona nafuu humo. Lakini kidonda kiwe kimefunga kabisa, daktari awe ameruhusu, mahali pawe na mchanga tambarare usio na mawe wala mawimbi makubwa, na asiingie peke yake. Ugumu ni kuingia na kutoka, kwa kuwa magongo huzama kwenye mchanga laini, hivyo watahitajika watu wawili wenye nguvu. Kwa hatua aliyopo dada yetu sasa, ningesubiri.

Kuhusu kukanda, naomba radhi kutofautiana nawe. Baada ya upasuaji ngozi inayozunguka kovu mara nyingi huwa na ganzi, na mtu huungua kwa maji ya moto bila kujua. Kuchua kwa nguvu mahali ambapo mfupa bado unaunga hakusaidii, na shavu la mguu lililovimba ghafla lisichuliwe kabisa, kwa sababu huenda ndani yake kuna damu iliyoganda ambayo ikisafiri hadi mapafuni huhatarisha maisha. Kitambaa chenye joto la kawaida juu ya misuli ya paja kabla ya mazoezi hakina ubaya.

Mkazi wa Kimara

Dada, nilivunjika nyonga kwenye ajali, na kwa muda mrefu nilitembelea magongo nikitoka Kimara kwenda mjini. Nitazungumzia usafiri, kwa sababu huko ndiko wengi wetu hukwama hata baada ya mguu kupata nguvu.

Usianze na safari ya kazini. Anza na safari zisizo na haraka, mchana, hadi duka la jirani, kisha kwa bajaji hadi kwa ndugu na kurudi. Bajaji inafaa kwa sababu sakafu yake iko chini na unakaa kwanza ndipo unaingiza miguu. Kaa upande ambao mguu mgonjwa utapata nafasi ya kunyooka, na mwambie dereva mapema apunguze mwendo kwenye matuta. Bodaboda usipande hata kama ni hatua chache, kwa sababu mguu huo ndio utakaotangulia chini pikipiki ikiyumba.

Kwa daladala, una bahati ya kuishi Segerea, ambako magari huanzia safari. Panda pale yanapoanzia yakiwa matupu, wala usijaribu kudandia njiani. Zungumza na konda kabla hujaweka mguu kwenye ngazi: "Kaka, natembelea magongo, naomba usigonge mpaka nimekaa." Nimeona kwamba konda akiambiwa mapema, tena kwa sauti ya kusikika na abiria wengine, karibu mara zote husaidia, na abiria humkumbusha akisahau. Kupanda, tanguliza mguu mzima. Kushuka, tanguliza magongo na mguu mgonjwa, kisha mguu mzima ufuate. Kanuni hiyohiyo ndiyo utakayoitumia kwenye ngazi za ofisini kwako, na kama zina reli, shika reli kwa mkono mmoja na magongo yote mawili, au gongo moja huku jingine likibebwa na mwenzako, kwa mkono wa pili.

Mwendokasi ambao ulianza kazi mwaka 2016 ulinisaidia sana, kwa sababu jukwaa la kituo liko usawa wa mlango wa basi, kwa hiyo hakuna ngazi ya kupanda. Tatizo lake ni msongamano wa asubuhi na jioni, ambapo mtu mwenye magongo husukumwa kabla hajashika kitu. Saa nne asubuhi ni basi jingine kabisa. Kwa sababu hiyo nakushauri uzungumze na mwajiri kuhusu saa za kuingia na kutoka hata kabla ya kuzungumza kuhusu tarehe ya kurudi.

Jambo dogo ambalo sikulijua mpaka lilipotokea: kwa magongo mawili huna mkono wa kubebea kitu. Nunua mkoba wa mgongoni. Maji, simu, nauli na dawa viwe humo, na nauli ya daladala iwe kwenye mfuko wa mbele kabla hujatoka nyumbani.

Binti wa Mzee

Dada yangu, nimeguswa na swali lako la mwisho, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa mama mkwe wako. Baba yangu alivunjika kiungo cha paja, na nilimuuguza nyumbani kwetu Ilala hadi alipotembea tena.

Tulipotoka hospitali, mtaalamu wa mazoezi alituweka sote chini, baba pamoja nasi, akasema kwamba kazi ya muuguzaji ni kusimama mahali ambapo mgonjwa hataanguka, na kazi iliyobaki ni ya mgonjwa. Alituonyesha pa kusimama, yaani upande wa mguu mgonjwa na nyuma kidogo, mkono mmoja ukiwa karibu na kiuno bila kukishika. Hakuna kumvuta mkono, kwa maana ukivuta mkono unamwondolea mizani yake. Nadhani mama mkwe wako akiyasikia maneno hayo kutoka kwa mtaalamu, yatamwingia kwa namna ambayo yakitoka kwako hayatamwingia. Mpeleke kliniki. Mwombe akusindikize, kisha mwombe mtaalamu amfundishe yeye mazoezi yako ili akusimamie. Mtu aliyesafiri kuja kuuguza anahitaji kazi ya kufanya, na ukimpa hii hutakuwa umemwondoa kazini.

Baba alipoanza kuvaa shati mwenyewe, vifungo vilimchukua muda mrefu kiasi kwamba niliamua kukaa nikichambua mchicha ili mikono yangu iwe na shughuli. Alikosea tundu, akafungua vyote, akaanza upya kutoka chini. Sikusema neno. Alipomaliza aliniita nimtazame.

Kuhusu choo, baba alikataa kabisa kuingizwa bafuni na bintiye, na hilo ni haki yake, kwa hiyo ilibidi tutengeneze mazingira yatakayomwezesha kuingia peke yake. Tulimpa fundi seremala kipimo cha kimo cha nyuma ya goti lake, akatengeneza kiti kizito cha mbao chenye tundu katikati na mikono pande mbili, kikawekwa juu ya choo cha kuchuchumaa. Mtu mwingine alitushauri tukate kiti cha plastiki, lakini kiti cha plastiki kilichotobolewa hupasuka, na miguu yake hupanuka kwenye sakafu yenye maji. Ukutani fundi alifukia bomba la chuma kwa saruji, kwa kimo cha kiuno, na kabla ya baba kulitumia kaka yangu alilining'inia kwa uzito wake wote. Kwa kuoga tuliweka stuli yenye miguu ya raba, na ndoo ikawekwa juu ya stuli nyingine ili asiiname. Sabuni ya kipande tuliiondoa tukaweka ya maji, kwa sababu kipande kikianguka mtu hukiinamia bila kufikiri.

Mlango tulikubaliana usifungwe kwa komeo, ila yeyote asiingie mpaka aitwe. Hapo ndipo aliporudisha heshima yake, hata kabla ya kuweza kutembea vizuri.

Jikoni, kama mnatumia jiko la mkaa la chini, kwa sasa usilitumie wewe. Jiko la gesi likiwekwa juu ya meza, ukakaa kwenye stuli ndefu, unaweza kupika ukiwa umekaa, na wengine wakakusogezea sufuria zilizojaa.

Afisa Utumishi, Kariakoo

Pole sana, ndugu. Nitazungumzia kazi peke yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku zisizopungua 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara, mradi umewasilisha cheti cha daktari. Hesabu siku zako kuanzia siku ya ajali na uhakikishe kila kipindi kina cheti chake, kwa sababu pengo la vyeti ndilo huleta mgogoro.

Pia Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mwajiri kabla ya kumwachisha kazi mtu aliyeumia aangalie kama hali hiyo ni ya muda, ukubwa wake, na kama kazi inaweza kurekebishwa. Kwa hiyo usisubiri kuulizwa tena utarudi lini. Mwandikie barua yenye mapendekezo: meza yako ihamishiwe ghorofa ya chini kwa muda, uingie baada ya msongamano wa asubuhi, na uanze kwa siku chache za wiki. Ambatanisha barua ya daktari inayoeleza unachoweza kufanya na usichoweza, si jina la ugonjwa tu. Mwajiri anayepewa maelezo ya namna hiyo hupanga, asiyepewa hukisia.

Kama pikipiki iliyokugonga inajulikana, chombo hicho kinapaswa kisheria kuwa na bima ya mtu wa tatu, yaani ya kumlipa aliyeumizwa na chombo hicho. Fuatilia kituo cha polisi ulikopewa fomu ya PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kisha kampuni ya bima husika, kwa sababu gharama za bajaji na mazoezi ni sehemu ya hasara uliyoipata.

Bi Segerea (mwanzilishi wa mada)

Nawashukuru sana nyote, na shikamoo mzee wa Temeke. Nimeyasoma kwa sauti mbele ya mume wangu na mama. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kliniki ni siku gani, akasema yeye ndiye atakayekwenda nami. Mume wangu amemwita fundi seremala, na kiti kitakuwa cha mbao. Barua ya kazini nimeanza kuiandika, na nitamwomba daktari aandike kilo nilizoruhusiwa na kazi ninazoweza kufanya.

Nimebaki na swali moja kwa mtaalamu wa viungo. Nikifika hatua ya kuacha gongo moja, lile linalobaki nilishike upande wa mguu ulioumia, ili liusaidie? Na nitajuaje kwamba wakati umefika?

Mtaalamu wa viungo, Ilala

Hapana, dada. Lishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, yaani mkono wako wa kushoto, na uliweke mbele kwa wakati uleule unaopeleka mguu wa kulia mbele. Ukilishika kulia, mwili utaegemea juu ya mguu mgonjwa na utachechemea zaidi.

Utaacha gongo moja pale daktari atakaporuhusu uzito kamili na utakapoweza kutembea ndani ya nyumba kwa magongo mawili bila kuchechemea. Mwombe mama asimame nyuma yako akutazame mabega. Bega moja likishuka kila unapokanyaga mguu wa kulia, bado hujafika. Endelea na mawili na uongeze zoezi la kuinuka kwenye kiti. Mtu anayeacha gongo mapema akazoea kuchechemea huendelea kuchechemea hata mguu ukishapata nguvu, na kumrekebisha huwa kazi ndefu. Nje ya nyumba, kwenye mchanga, matope ya masika na watu wengi wa Kariakoo, endelea na yote mawili kwa muda zaidi hata kama ndani unatembea na moja.